Salamu Nilizoziruka

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiiwaza uso unaniwaka. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa msichana mwenye mdomo mwepesi, mpiga chapa wa duka la steshenari Mtwara mjini.

Mwenye duka, Mzee Selemani, alikuwa ameleta laptopu, akaiunganisha kwa waya na skrini kubwa aliyoigeuzia upande wa mteja. Mimi naangalia kioo changu kidogo, mteja ng'ambo ya meza anayaona maneno yaleyale kwa herufi kubwa. "Mtu ayaone maneno yake kabla hayajafika kwenye karatasi," alisema Mzee. Nilivyoringa! Wenzangu walikuwa bado wanagonga taipureta, mimi najiona rubani.

Akaja Bibi Asumini, kutoka kijiji cha karibu na mto Ruvuma, chale za Kimakonde usoni, kanga imelowa jasho la safari. Alitaka barua kwa mwanawe aliyeko Dar, ambaye kwa miaka saba hakuwa amekanyaga nyumbani. Akaanza: mimi sijambo, shangazi yako hajambo, Fatu kajifungua, jirani anakusalimu. Kila mtu na salamu yake! Nikachoka. Masikio nikayafunga, vidole vikaandika: "Mama anakukumbuka. Wote wazima. Njoo nyumbani." Nani angejua? Mama wa shamba, nilidhani, herufi kwake ni nyayo za kuku.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Bibi alinyoosha kidole mpaka kwenye ile skrini kubwa, akasoma kwa silabi kama walivyofundishwa kwenye ngumbaru, yale masomo ya watu wazima: "Njo-o nyu-mba-ni." Kisha akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mjukuu wangu, baba wa mwanangu yuko wapi hapa?"

"Si nimeandika wote wazima, Bibi? Nimewajumlisha."

"Baba yake hajumlishwi. Nimekwambia anamsalimu, na ile mashine yake ya kupulizia dawa mikorosho, ambayo mwanangu aliiuza kwa siri, ameshamsamehe. Mwanangu anaogopa hilo tu. Ukiliruka, atarudije?"

Aibu niliyoiona siku ile! Nikamwomba radhi, nikafuta, tukaanza upya, na safari hii hata jirani nilimwandika. Wazee walisema waraka ni nusu ya kuonana, nami nusu hiyo nilikuwa nimeikata.

Mikorosho ilipochanua, aliingia dukani mwanamume mmoja na barua iliyochakaa kwenye mikunjo. Alitaka niipige upya, neno kwa neno, aiweke. Maneno ya kwenye skrini yalipofika kwenye salamu ya baba, akaigusa kwa kidole, vilevile kama mama yake.

"Niliposoma hapa ndipo nilipofunga mzigo nirudi, dada," alisema. "Jana tumepulizia mikorosho pamoja, mimi na baba."

Duka lile halipo tena, na Mzee Selemani tulimzika Mikindani. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, lakini ile meza naitamani mno.

Basi, mwanangu, wewe unayeanza kazi za ofisini, msikilize mtu mpaka amalize. Usimpunguzie maneno yake kwa kuwa umemwona wa shamba, maana hujui ni neno lipi litakalomrudisha mtoto wake. Na andika siku zote ukijua mwenye maneno ameketi mbele yako, anasoma.

Mungu akupe masikio mapana kuliko kioo chako, akufungulie riziki, na akujaalie usiitwe nyumbani ukaogopa kurudi. Amina.