Verlene Anatakiwa Anyamaze

"Tia saini, Verlene, twende zetu! Miguu imenivimba."

"Imekuvimba kwa sababu umevaa viatu vya binti yako. Nani alikutuma?"

Huyo mwenye miguu ni mdogo wangu Ozella. Mwingine ni Verlene Tubbs, binamu yetu, anayekishtaki kiwanda cha kuku. Tulikuwa kwenye chumba kidogo cha korti ya shirikisho, hapa Alabama. Juri, wale raia wanaoamua kesi, walikuwa wamejifungia wanashauriana, na kiwanda kikaleta karatasi haraka haraka: Verlene alipwe, kesi ife. Juri wakishatoka, karatasi hiyo haina kazi tena.

Verlene nimekua naye. Aliingia kiwandani angali msichana. Alimnyonyoa jogoo wa mama yake mbele yangu, upesi hivi kwamba yule jogoo aliendelea kuwika mpaka alipojitazama. Vijana wa Kizungu waliletwa awafundishe kazi, na kila aliyejua kushika kisu akafanywa msimamizi wake. Yeye, Mweusi, aliomba cheo hicho mpaka akaota mvi. Wakamwambia hana sauti ya kuamrisha watu. Verlene! Akimwita mumewe kula, garimoshi la mizigo husimama, dereva akateremka kuuliza kumepikwa nini.

"Hebu soma tena pale mwisho," Verlene akamwambia wakili wetu, Bwana Pettway.

"Kiwanda hakikubali kosa lolote. Na wewe hutalizungumza jambo hili popote, kwa mtu yeyote."

"Hata kanisani?"

"Hata kanisani, mama."

Kanisani kwetu watu husimama Jumapili wakashuhudia mambo aliyowatendea Mungu. Verlene akisimama, mchungaji huvua koti akakaa. Anajua mahubiri yake yamekwisha.

"Sasa nitashuhudia nini mimi?"

"Goti," Ozella akasema. "Si lilipona?"

"Goti nimelishuhudia mpaka limeanza kuuma tena. Pettway, mwanangu, na kwenye maombi je? Nikimwambia Mungu?"

Wakili akafikiri sana. "Kimoyomoyo, nadhani hawatadai."

"Sijawahi kuomba kimoyomoyo. Mungu ataniuliza, we nani?"

"Acha mzaha!" Ozella akaja juu. "Juri wakikukatalia humo ndani unarudi nyumbani mikono mitupu. Paa lako linavuja, Verlene. Unalala na sufuria kitandani!"

"Nalala nayo, ndiyo."

"Basi chukua hicho wanachokupa!"

Verlene akaitazama kalamu aliyopewa na wakili. Aliitazama kwa muda, maana lile paa kweli lilikuwa baya. Siku moja nilimkuta bata akiogelea sebuleni kwake. Halafu akairudisha kalamu kwenye mfuko wa shati la wakili, akaupigapiga mfuko ule kama anamlaza mtoto.

"Paa likivuja, nataka niweze kusema linavuja kwa sababu ya nani. Warudishie karatasi yao. Na uwaambie hivi, Pettway, usipunguze neno, waambie Verlene Tubbs amesema—"

Mlango ukafunguliwa. Askari wa korti akaingiza kichwa.

"Juri wako tayari."