Gari la Baba Lafika Sange Kimyakimya

Niliondoka Bukavu kwa sababu ya simu ya shangazi Nabintu, dada pekee wa marehemu baba aliyebaki. Aliolewa Sange zamani, na sasa macho yamemwisha.

"Leta gari ya kaka yangu ifike kwangu mara moja tena," alisema. "Lakini usitelefone mbele. Nitajua miye mwenyewe."

Gari lenyewe ni dogo, lina mgongo wa kobe. Injini iko nyuma na hupozwa kwa upepo. Halina maji wala rejeta. Baba aliliendesha mpaka mwisho wake. Mimi nililiweka nyuma ya nyumba, nikawaambia wageni kwamba ni kumbukumbu, huku kuku wakiatamia kwenye kiti cha nyuma. Baada ya simu ile nikaamua lisiishie kufika Sange tu. Litembee kila siku, mvua na jua, kama gari la mtu mwenye akili.

Mtaani Cimpunda, kwa fundi Cikuru, gari lilikaa msimu mzima. Tulibadilisha dinamo, ili taa zisififie kila mvua inaponyesha. Tuliziba sakafu iliyooza. Tulitengeneza mirija inayopeleka joto la injini kwenye kioo, maana mvua ya Bukavu hukijaza ukungu, nawe ukabaki unaendesha kwa imani. Mwishoni nikamwomba aondoe yale mabomba mawili membamba ya moshi, yaliyopiga mluzi njia nzima, aniwekee bomba moja nene, la kimya.

"Papa Prof, sauti inakukosea nini?"

"Mtu mzima hafiki kazini akipiga mluzi," nilijibu. Nililipenda jibu hilo, hata nikalirudia nyumbani.

"Na mabomba ya zamani nifanye nayo nini?"

"Unachotaka."

Asubuhi ya safari mvua ilinyesha na kioo kikabaki safi. Nilijisifu mpaka Nyangezi. Mteremko wa Ngomo niliushuka kwa gia ndogo, nikiyapisha malori yaliyokuwa yakipanda kwa kuhema.

Kamanyola, joto lilinipokea, na askari wa kizuizi pia. Akaamuru nimwonyeshe injini. Kwa haraka nikafungua mbele, penye mizigo. Akakuta ndizi.

"Muzee, gari yako inatembea na ndizi?"

"Ndizi ni ya tantine, dada ya baba. Moteur iko nyuma."

Akaita wenzake waje kuona. Walicheka sana, wakasahau kuniomba chochote.

Sange nilifika adhuhuri, injini ikinguruma kwa adabu. Shangazi alikuwa ameketi uani na majirani wawili, amevaa kitenge cha sikukuu, uso ameuelekeza barabarani. Mbele yake palikuwa na mbabula, lile jiko letu la makaa. Makaa yalikuwa hayajawashwa. Juu yake sufuria ya maji, pembeni unga.

"Shangazi, nimefika."

Akashtuka. "Weye? Umekuya na nini?"

"Na gari ya Baba. Iko hapa mlangoni."

"Hapana. Nimesikia gari ya ba-ONG, watu ba misaada. Gari ya kaka yangu inapiga mluzi tangu kule kwa daraja. Nikisikia, nawasha moto. Akifika, bugali iko moto. Hata siku moja hakukuta jiko yangu imelala."

Nikamshika mkono. Alipapasa mgongo wa gari, taa, kisha mlango.

"Mwili ni yake," alisema. "Sauti ilienda wapi?"

Nikamweleza kwa kirefu, kama nilivyozoea darasani.

"Kumbe Prof aliiua juu ya kuona haya!" jirani mmoja akasema.

Tulikula tumechelewa. Shangazi aliniomba radhi kila tonge, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Nilitamani anitukane.

Nilipoaga alisimama langoni, akakunja midomo, akapiga mluzi: mrefu, wa kupanda, ukakatika kidogo pale Baba alipokuwa akibadilisha gia, kisha ukaendelea. Hakuna aliyecheka. Nilikaa nimeshika usukani, nikaona aibu kuwasha.

Njia nzima ya kurudi nilisikiliza, nikasikia matairi tu. Nilianzia Cimpunda kabla ya nyumbani, nikaulizia yale mabomba ya zamani.

"Papa, si ulisema nifanye nachotaka?" Cikuru alisema. "Nilikatakata, ikatoka miguu ya mbabula. Zote ziliuzwa."

Sasa gari linatembea kila siku, kiangazi na mvua. Linawaka mara moja na kioo hakina ukungu. Niliondoa kila kilichonisumbua mimi, bila kuuliza kilikuwa kinamwita nani. Jioni nafika nyumbani, nazima injini, nabisha hodi. Mke wangu hufungua akiwa ameshangaa.

"Kumbe ulishafika? Ngoja niwashe moto."