Walinishonesha turubai kuzuia mkono wangu, watoto wa mbwa wakakosa hewa ndani ya ndege

Kamwene wakuu.

Mimi ni mzee, nimevuka themanini siku nyingi. Anayechapa huu uzi ni mjukuu wangu, hapa hapa Mwanjelwa, Mbeya, ila maneno ni yangu na nimemkataza kuyalainisha. Nasema kilichotokea, sina sababu ya kudanganya umri huu.

Nina hasira tangu jana.

Huyu mjukuu anafuga mbwa wa kuuza. Sasa kapata wateja mbali, anataka kusafirisha watoto wa mbwa kwa ndege. Nikamkuta kainamia fomu ya insurance. Nikamuuliza, kasha lako lina matundu mangapi? Akanijibu, "Babu, huko sijafika, kwanza bima."

Nilitoka nje nisije nikamzaba kibao.

Turudi nyuma.

Miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilikuwa natunza mbwa kwenye shamba la Mzungu mmoja upande wa Iringa. Kwetu ni Ilula. Mbwa wake jike, Ledi, akazaa watano. Wa mwisho alikuwa dhaifu, hata kunyonya hawezi. Nikawa namlisha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, tone kwa tone, mpaka akasimama. Nikamwita Kadogo.

Mzungu mwingine wa Mbeya akawanunua wote watano. Ikaamuliwa waende kwa ndege ndogo, maana barabara ile ilikuwa ya kuvunja mifupa.

Kasha nilitengeneza mimi. Matundu pande zote nne, nyasi kavu chini, bakuli la maji nimelifunga lisipinduke. Lilikuwa kasha zuri, msinibishie.

Ndipo akaja wakala wa bima na makaratasi yake. Bwana, yule Mzungu mwenye shamba, akanitafsiria: hii ni bima ya kupotea. Wakipotea njiani analipwa, ila kasha lifungwe kabisa, lipigwe lakiri, ule muhuri wa nta, na mtu asiliguse mpaka Mbeya.

Bwana akaanza kuchungulia matundu yangu. Akaingiza vidole.

"Hapa vidole napita. Mtu navunja mbao, naiba."

"Bwana, hapo ndipo wanapumulia."

"Wewe nafundisha mimi mbwa?"

Wakuu, mwizi gani huyo aliyekuwa anamuwaza? Ndani ya ile ndege tulikuwa tunapanda rubani, yeye, na mimi. Piga hesabu mwenyewe.

Turubai likashonwa kasha zima, juu na pande zote. Walinipa mimi sindano ya magunia nilishone. Lakiri nyekundu ikamiminwa kwenye fundo.

Uwanjani Iringa tukaambiwa Mbeya kuna ukungu, tusubiri. Tukasubiri asubuhi nzima, kasha liko juani. Nikaomba angalau tulisogeze kivulini, Bwana akakubali. Nikaomba tufungue kidogo. Akanionyesha ile lakiri kwa kidole.

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Shambani wenzangu walinionea wivu. Nilikaa nyuma, kasha liko magotini kwangu. Injini inanguruma, sisikii kitu, basi nikaweka kiganja juu ya turubai. Walikuwa wanakwaruza. Nawasikia kwa kiganja.

Tulipokuwa juu ya Chimala, Bwana akageuka kunionyesha mashamba ya chini, kafurahi kweli. Mimi kiganjani mikwaruzo ilikuwa inapungua.

Akageuka mbele. Nikatoa kisu, nikapasua turubai kwenye kona moja, urefu wa kidole, penye tundu langu. Pua ikatokea. Ilikuwa ya Kadogo, ina baka jeupe.

Nikarudisha kisu mfukoni.

Mbeya walitusubiri mnunuzi na mtu wa bima. Lakiri ikakatwa mbele ya wote. Wanne wamekufa, wamelaliana. Kadogo anahema. Mtu wa bima akahesabu: watano. Hakuna aliyepotea!

Bwana akaanza kubishana naye, kwamba kufa nako ni kupotea. Yule alikuwa analizunguka kasha. Akauona mpasuo wangu. Kasha limeguswa, akasema, bima haipo tena.

Bwana alinizaba kofi mbele ya watu na kunifukuza kazi pale pale. Sikufukuzwa kwa wale wanne. Nilifukuzwa kwa ule mpasuo.

Kadogo alichukuliwa na mnunuzi, sikumwona tena.

Kwa hiyo nyie mnaosafirisha mbwa leo: anzeni na hewa. Matundu pande zote, maji, na muulize ndege ikichelewa kasha linakaa wapi. Halafu ndiyo msome hiyo policy, neno "kupotea" lina maana gani, na kama kufa kumo. Na condition yoyote inayokuambia uzibe matundu, chana hiyo karatasi.

Mjukuu kanisikia, sasa hivi anatoboa kasha lake.

Ila usingizi bado sina. Bwana nilishamtukana miaka yote hii, akaisha. Kinachonichoma ni kwamba kisu nilikuwa nacho, na kasha lilikuwa na kona nne. Nilipasua moja tu kwa sababu niliogopa kazi yangu, na kazi yenyewe nikaikosa.

Semeni ukweli wenu hapo chini, msinipake mafuta kwa sababu ni mzee: ungekuwa wewe, ungepasua kona ngapi?