Siku Daimu Alipopiga Kelele za Mwizi

Daimu alivuka Mto Ruvuma mwaka 1987 akiwa na suruali moja na jeraha la mguu. Alitoka upande wa Niassa, Msumbiji, kwenye kijiji kidogo cha Wayao ambacho siku hizi hakuna anayekitaja jina, maana wa kulitaja hawakubaki.

Waasi walikiingia alfajiri. Walikuwa wanaitana kwa miluzi, mifupi mifupi, mmoja huku na mwingine kule, kama watu wanaochunga mbuzi. Daimu alikuwa ametoka kujisaidia, akajilaza kwenye majani marefu nyuma ya choo. Kutoka pale alimwona kaka yake akikatwa panga la shingo, halafu la pili kwa sababu la kwanza halikutosha. Alimwona mkewe, Mwanne, akiburutwa nje kwa nywele. Walimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka akaacha kulia. Kisha wakachoma nyumba. Daimu aliuma majani mpaka ufizi ukatoka damu, lakini hakutoka.

Haya alinisimulia mwenyewe, miaka kadhaa baadaye, kwenye baraza ninaposhonea pale Bombambili, mjini Songea. Mimi ni fundi cherehani. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ilikuwa imerudi kwa fujo, hakuna mtu aliyeleta kitambaa kipya, kazi yangu ikawa kupunguza suruali za Wazungu. Ng'ambo ya barabara, Kunegunda, mjane wa makamo kutoka Maposeni, alikuwa amefunga mashine ya kusaga. Zamani mashine zilikuwa za ushirika. Sasa mwenye nacho alijinunulia ya kwake. Daimu alikaa kambi ya wakimbizi miaka miwili, mwaka 1989 akaja mjini, na Kunegunda akampa kazi ya kumwaga mahindi.

Mwezi wa pili wa kazi mkanda wa mashine ulimla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nilisikia injini ikikohoa, halafu ukelele. Nilipofika, Kunegunda alikuwa ameshazima na anamfunga mkono kwa kipande cha khanga. Unga uliokuwa unatoka ulikuwa mwekundu.

"Mikono yako ilikuwa hapa," Kunegunda alimwambia kwa hasira. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi kaa hapa kwenye kitu. La sivyo mashine hii itakumaliza kipande kimoja kimoja, na mimi sina khanga za kutosha."

Kuanzia siku ile Daimu alianza jambo ambalo watu walidhani ni wazimu. Kila alichofanya alikitaja kwa sauti ndogo. Nachota mahindi. Namwaga. Mkanda uko kulia. Akitembea asubuhi kuja kazini, alitaja mguu unaokanyaga. Akila, alilitaja tonge kabla ya kulitia mdomoni, akalitafuna mpaka likaisha ndipo akatwaa lingine. Na yote hayo aliyasema kwa Kiswahili, hakuyasema kwa Kiyao.

Nilimuuliza sababu.

"Fundi," alisema, "nikisema *mesi*, namwona Mwanne anatoka mtoni na mtungi. Nikisema maji, naona maji. Hiki Kiswahili chenu hakina marehemu wangu ndani."

Watu walimcheka. Walimwita Mkimbizi, wengine wakamwita Redio. Lakini ile kazi ya kutaja ilimsaidia, niliona kwa macho yangu. Mlevi mmoja wa soko la pombe aliwahi kumkuta mlangoni pa mashine akamtemea mate usoni, akamwambia arudi kwao akafie huko. Akamzaba kofi. Daimu alikuwa ameshika spana kubwa ya kukazia mkanda. Ikapanda juu. Sote tulijua itashukia wapi. Ikasimama hewani, na nikamsikia anasema, "Spana. Ni spana. Mkono wangu. Mate." Akaishusha, akajifuta uso kwa shati, akarudi kwenye mahindi. Yule mlevi aliondoka bila kujua alikuwa umbali gani na kaburi.

Miaka minne ikapita hivyo. Nilianza kudhani kwamba amepona.

Agosti ya 1993 mavuno yalikuwa mazuri na foleni ya mashine ilifika mpaka barazani kwangu. Siku hiyo, kwenye saa nne asubuhi, injini ilipata moto ikazimwa ipoe. Kukawa kimya. Daimu aliingia chini ya injini kuikaza. Kwenye foleni alikuwamo mgeni, Gaspari, mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo, mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, amevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Alikuwa amekuja kumwona dada yake mgonjwa, na alimbebea debe la mahindi kuja kusaga. Akamwona mtu anayemfahamu akipita ng'ambo ya barabara. Akampigia mluzi. Mfupi, mfupi, mfupi.

Daimu alitoka chini ya injini na spana mkononi. Nilimwona uso, nikadhani ameungua. Hakutaja kitu. Alimpiga Gaspari usoni, jichoni, kwa nguvu zake zote. Gaspari akaanguka juu ya debe lake, mahindi yakamwagika. Daimu akampiga tena, kwenye taya. Kisha akainua kichwa akatutazama sisi wote na akapiga kelele:

"Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Baadaye nilimuuliza kwa nini alisema hivyo, na yule mtu hakugusa cha mtu. Hakunificha. "Nilikuwa nimekaa Songea miaka minne," alisema. "Nilishajua ni neno gani linaua watu hapa."

Lilifanya kazi. Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Waliokuwa kwenye foleni walitupa ndoo zao. Wanawake waliokuja na ungo, mafundi baiskeli, watu waliokuwa wanapita na shughuli zao, wote wakamwangukia. Mateke yalisikika kama mtu anapiga gunia. Mmoja alileta mpini wa jembe. Mwingine alikimbilia ndani ya mashine akatoka na dumu la dizeli, anatafuta kiberiti. Na mimi, niliyekuwa na suruali ya mtu kwenye cherehani, niliiacha, nikaokota nusu ya tofali nikaitupa. Ilimpata mgongoni. Niliona raha. Sina namna nyingine ya kulisema. Niliona raha, nikaokota la pili.

Daimu alikuwa amesukumwa pembeni na umati. Alisimama anahema, spana imening'inia. Alinieleza kwamba mbele yake hakuwa anaiona Bombambili. Alikuwa anaona majani marefu na moshi. Halafu mdomo wake, kwa mazoea tu, ukaanza kutaja vilivyokuwa mbele ya macho. Spana. Damu. Mahindi. Kandambili ya tairi, imekatika. Rozari. Mkono wa mtu unashika rozari. Mtu.

Akamtazama huyo mtu kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzee kiasi, analia kwa Kingoni, anamwita mama yake.

"Si mwizi!" Daimu akapiga kelele. "Nimesema uongo! Hajaiba! Acheni!"

Nani angemsikia? Neno lile likishatoka halirudi. Alitupa spana, akajipenyeza kati ya miguu ya watu, akamlalia Gaspari, kifua kwa mgongo, akamziba kichwa kwa mikono yake miwili. Waliokuwa na hasira hawakuona kwamba mtu amebadilika. Walipiga tu. Mpini wa jembe ukamvunja mtulinga wa bega. Jiwe langu la pili lilikuwa limeshanitoka mkononi. Lilimpata Daimu mbavuni, na nikamtambua wakati linatua. Dizeli ikamwagwa juu yao wote wawili. Kunegunda ndiye aliyempokonya yule mtu kiberiti. Alimng'ata mkono mpaka akakiachia. Kisha polisi wakafika, wakafyatua risasi mbili juu, na barabara nzima ikawa tupu kwa dakika moja. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye cherehani yangu, nazungusha gurudumu bila uzi.

Wote wawili walipona. Gaspari alipoteza jicho la kushoto, na taya lake likaunga vibaya. Daimu alivunjika mtulinga na mbavu tatu. Askari walipokuja wodini kuuliza habari za mwizi, yeye aliwaambia kabla ya kuulizwa mara ya pili: "Hakuna mwizi. Mimi ndiye niliyempiga, na mimi ndiye niliyewaita watu." Mahakamani alirudia hivyohivyo, akaongeza kwamba alimfananisha. Alifungwa miaka mitatu. Sisi wengine tuliorusha mawe hatukuitwa na mtu.

Gerezani nako hakukuwa na huruma. Kuna waliomjua kama mkimbizi aliyetaka raia auawe kwa kelele za uongo, na walimpiga kwa hilo wiki za mwanzo, kwa zamu. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya kwanza meno mawili ya mbele hayakuwapo. Nikamuuliza kama bado anataja vitu.

"Nataja," alisema. "Zamani nilikuwa nataja ili nisikumbuke, fundi. Hilo ndilo kosa. Nilifunga mlango, nikaegemea. Sasa na vile vya kule navitaja. Nasema: hii ni ngumi ya Songea, inauma hapa. Ule ni mluzi wa kule, unauma pale. Kila kimoja na mahali pake."

Wakati yuko ndani, Wamsumbiji wenzake walianza kurudishwa makwao, maana vita vilikuwa vimekwisha. Alipotoka mwishoni mwa 1995, baada ya kupunguziwa kifungo, alikwenda kwanza kwa Kunegunda. Yule mama alimpa uji, akamwangalia anavyokunywa taratibu, akamwambia, "Siwezi kukurudisha, mwanangu. Watu hawatakuja kusaga. Na mimi mwenyewe nitakuwa nakuangalia mikono." Daimu alisema amemwelewa. Aliosha kikombe, akatoka.

Akavuka barabara akaja kwangu. "Naenda Namtumbo," alisema. "Kwa yule mtu."

Nilifunga cherehani. Nilimwambia twende wote, ila sikumwambia kwa nini.

Tulishuka Namtumbo mchana, tukaelekezwa shamba la Gaspari. Mkewe, Notburga, alikuwa uani anatwanga. Daimu alipiga hodi, akaamkia, "Shikamoo mama," akataja jina lake mwenyewe. Yule mama hakuitikia. Aliinua mchi akampiga nao begani, bega lile lile lililowahi kuvunjika. Daimu akapiga magoti. Akampiga tena mgongoni. Nilitaka kumshika yule mama mkono, lakini Daimu alitikisa kichwa. Nilimsikia anasema polepole, "Mchi. Bega. Mama analia." Na kweli alikuwa analia, tena kwa sauti, na mchi ukamshinda nguvu ukaanguka wenyewe, ukakipindua kinu na mahindi yake.

Gaspari alitokea kwenye banda la kukaushia tumbaku, ananuka moshi. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umeingia ndani. Alisimama mbali kidogo, akageuza kichwa ili atutazame kwa jicho lililobaki.

"Mahakamani nilisikia ulinifananisha," alisema. Maneno yake yalitoka kwa shida, kwa sababu ya taya. "Ulinifananisha na nani?"

"Simjui jina, mzee. Wala uso sikuuona. Nilisikia mluzi."

"Mluzi tu?"

"Mluzi tu."

Gaspari alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Akauliza yaliyotokea kule ng'ambo. Daimu alimweleza yote, kaka yake, mkewe, majani, choo, bila kuharakisha na bila kuruka. Notburga alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Ilipokwisha, kuku walikuwa wanakula mahindi yaliyomwagika na hakuna aliyewafukuza.

"Pole," Gaspari alisema. "Lakini kukusamehe siwezi leo."

"Sikuja kusamehewa leo. Nimekuja kufanya kazi. Unahitaji mtu wa kuangalia moto bandani, nimesikia. Usinilipe."

"Nikilala, moto ukashika tumbaku, msimu wangu wote umekwenda. Nitaamini vipi kwamba macho yako yatakuwa pale?"

"Hilo naliweza," Daimu alisema. "Pengine ndilo pekee ninaloliweza."

Gaspari aliinuka kwenye kinu. "Utalala bandani," alisema. "Na usinijie upande huu." Akaonyesha jicho lililokufa. "Ukinijia upande huu, nitakukata."

"Nimesikia, mzee."

Wakaanza kuelekea bandani, Gaspari mbele, Daimu nyuma yake upande wa kulia. Ndipo nami nikaita. Nilikuwa nimelibeba kwa miaka miwili na miezi, na lilitoka kama kikohozi.

"Mzee Gaspari. Siku ile nami nilirusha mawe."

Aligeuka. Alinitazama mwanzo mpaka mwisho, viatu vyangu, suruali yangu iliyopigwa pasi.

"Mangapi?"

"Mawili. Moja lilikupata wewe."

"Nilikuwa nimekukosea nini?"

Daimu alikuwa na vita, alikuwa na mluzi, alikuwa na mkewe aliyekufa. Mimi nilikuwa na cherehani na suruali ya mtu. "Hukunikosea kitu," nikasema.

"Huyu nimemwelewa," Gaspari alisema, akimnyooshea Daimu kidole. "Wewe sikuelewi. Nenda zako kwenu."

Nikaenda. Daimu yuko Namtumbo mpaka leo. Msimu wa tatu Gaspari alianza kumlipa, na wanasema banda lake halijawahi kuungua. Mimi bado nashona palepale Bombambili. Mwaka jana walipiga tena kelele za mwizi karibu na stendi, nikawa nimefika ukingoni mwa baraza kabla sijajua kwamba nimeinuka.