Bendera ya Korongo

Yadamma alikuwa fundi wa bendera za walioshindwa. Pale studio ya filamu, Hyderabad, kazi ya chumba chetu cha kushonea iligawanywa hivyo tangu zamani. Fundi Komuraiah alishona bendera za mfalme atakayeshinda, kwa nailoni ya kung'aa. Yadamma alishona za atakayeshindwa, kwa pamba, maana pamba huungua vizuri mbele ya kamera. Nailoni huyeyuka ikachuruzika, aibu tupu.

Bendera halisi za wafalme wale wa kale nani aliziona? Mchoraji wa filamu hubuni kinachopendeza, basi. Lakini Yadamma alishona kana kwamba wenyewe watakuja kuzichukua. Alisema hakuna atakayelilia bendera mbovu. Mimi niliona anajisumbua bure, na nilimwambia.

Kilichomuuma ni maneno ya mama yake, Lingamma. Bibi yule alipelekwa sinema kila filamu ilipotoka, na kila akirudi wimbo ni ule ule: "Kazi yako yote majivu, mwanangu. Lini utanionyesha iliyosimama?" Yadamma alicheka, lakini yalimchoma. Alitamani mama yake, kabla hajafumba macho, aone bendera yake moja tu imesimama mpaka mwisho.

Kwa filamu ile alishona ndege korongo, mweupe kwenye kitambaa cha kijani. Komuraiah alishona chui wa vichwa viwili. Asubuhi ya kuanza kupiga picha, nazi ilipasuliwa, kamera ikapakwa manjano, na kuhani akataka bendera ya ushindi aibariki. Komuraiah alikuwa kwenye chai. Mwongozaji wetu, Raghava Rao, mtu wa haraka, akachukua mwenyewe iliyompendeza mezani. Ikapakwa manjano, ikatiwa alama nyekundu, ikavishwa maua.

Komuraiah akarudi na kikombe chake. "Bwana mkubwa, hiyo si ndiyo ya kuchomwa?"

Raghava Rao haendeshi gari mpaka limao la kuondoa mkosi liwekwe chini ya tairi, na sasa uso ulimshuka.

"Imeshabarikiwa. Nani ataichoma? Wewe?"

"Mimi? Nina watoto, bwana!"

"Basi korongo ameshinda. Mwandishi yuko wapi?"

Kufikia mchana hadithi ilikuwa imegeuzwa. Komuraiah alinuna.

"Furahi, dada. Umenipindua bila hata upanga."

"Kaka, chui wako ni wa nailoni. Haunguzwi huyo."

"Si umshone wa pamba? Bingwa wa majivu ni wewe!"

Yadamma akamshona kweli, na masharubu akamtilia kwenye vichwa vyote viwili. Nilimcheka sana.

Filamu ilipotoka, tuliketi na Yadamma sinema, mama yake katikati yetu. Korongo akapandishwa juu ya ngome, watu wakapiga miluzi na kurusha vipande vya karatasi. Lingamma alipiga makofi mpaka bangili zikalia. Nilifurahi kama aliyeshona ni mimi. Chini ya ngome chui akashika moto, na hapo Yadamma akaanza kufuta machozi.

"We, unalia nini? Wako si yule korongo?"

"Na chui nimemshona mimi, mama."

Bibi aliacha kupiga makofi. Akamtazama chui mpaka kipande cha mwisho kikadondoka, kisha akaushika mkono wa bintiye.

"Ameungua vizuri," akasema.