Pikipiki ya Clifford Iveson Chini ya Grisi

Clifford Iveson alikuwa mtunza shule yetu ya Thornrigg kwa miaka ishirini na mmoja, na katika kumi na sita ya hiyo mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la juu. Kila siku ya masomo, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, alipanda mlima kwa pikipiki kwenda kuwasha boila, ili watoto wakifika saa tatu wakute mabomba yana moto. Basi la kwanza lilipita kijijini saa tatu na nusu. Kwa hiyo bila pikipiki hapakuwa na boila, na bila boila hapakuwa na haja ya Clifford. Kamati ya shule ilikwisha kusema hivyo waziwazi, kwa lugha ya heshima.

Katika bonde letu kinachoua pikipiki si mwendo wala ajali, ni chumvi. Kuanzia Novemba lori la halmashauri hupita likiimwaga barabarani ili barafu isishike, na chumvi hiyo hurukia kila chuma kilichopo. Nimeona bomba la moshi likitoboka kwa majira mawili ya baridi. Clifford aliliona jambo hili kama vita, na alikuwa na kanuni zake. Kila jioni aliiosha pikipiki kwa maji baridi, hata vidole vyake vikawa vyekundu kama kamba wa kuchemshwa. Siku moja nilimwonea huruma, nikamvushia birika la maji ya moto juu ya uzio uliotenganisha nyumba zetu.

"Rudisha, Mwalimu, tafadhali," alisema. "Maji ya moto yanaiamsha chumvi. Na chumvi ikiamka, inaamka na njaa."

Baada ya kuosha aliikausha, akazifunika breki kwa mifuko ya mkate ili zisipate mafuta, kisha akaipaka kila mahali grisi ya sufu ya kondoo, ile ya njano yenye kunata, aliyoinunua kwa makopo kutoka kwa mkulima mmoja. Aliipaka kwa mkono, kwa mswaki wa meno, na penye upenyo mdogo kwa unyoya wa kuku. Ubaya ni kwamba hakuiondoa kamwe. Watu wengine huisafisha pikipiki majira ya kuchipua yakifika. Clifford aliona hiyo ni sawa na kumvua mtoto koti kwa sababu jua limechungulia dakika tano. Aliongeza tabaka juu ya tabaka, kwa miaka kumi na mmoja.

Matokeo yake yalikuwa kitu cha rangi ya udongo, kilichonenepa, chenye majani makavu, mchanga na manyoya kadhaa yaliyoganda ubavuni. Watoto wa shule walijua amefika kwa kunusa. Mara mbili mbwa wa kuchunga kondoo waliirudisha pikipiki zizini, na Clifford akiwa juu yake. Kanisani, yeye na mkewe Doreen walikaa kwenye benchi lao peke yao.

Kila mwaka, mwezi wa Januari, pikipiki ilipaswa kukaguliwa na kupata cheti. Fundi wa zamani alikuwa mtu wa karibu kustaafu, asiyeona vizuri na asiyependa kuinama. Mwaka ninaousimulia alikuja mwingine, kijana wa miaka thelathini aitwaye Alderson, mwenye miwani na tochi. Jumanne aliizunguka pikipiki mara mbili.

"Mzee Iveson," alisema, "hii ni nini?"

"Pikipiki."

"Hapana. Ndani labda kuna pikipiki. Mimi ninachokiona ni keki. Sheria inaniruhusu kukataa kukagua nisichokiona. Nenda ukaioshe, uilete Ijumaa."

"Ijumaa ndiyo cheti changu kinakwisha!"

"Basi usichelewe."

Shemeji yake Clifford, Raymond, kaka yake Doreen, alifurahi kupita kiasi. Yeye pikipiki yake hulala gerejini tangu Oktoba hadi Aprili, imefunikwa shuka kama mgonjwa.

"Shemeji, pole sana," alisema, akijiegemeza kwenye uzio wetu huku anakula biskuti za Doreen. "Nilikwambia mimi. Grisi haizuii kutu, inaificha tu. Ukiifuta hapo utakuta usukani na kengele."

"Pikipiki yangu haina kengele."

"Basi utakuta usukani."

Clifford aliinama kukaza kifuniko cha kopo la grisi kilichokwisha kukazwa, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Raymond alipoondoka, alinijia karibu na kuzungumza kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Mwalimu, kuna mwaka mmoja sikuosha."

"Mwaka gani?"

"Ule wa theluji kubwa. Bomba la uani liliganda wiki tatu. Nikapaka grisi juu ya chumvi. Nikajiambia nitaosha kesho." Aliitazama pikipiki kama mtu anavyotazama mlango wa daktari. "Chumvi imefungiwa humo ndani miaka sita. Unafikiri imekula nini?"

Nilichukua aproni yangu ya bustani, nikaenda kumsaidia.

Tulifanya kazi Jumatano na Alhamisi, kwa mafuta ya taa, brashi na vijiko vya mbao ambavyo Doreen alivitoa akisema asivione tena jikoni kwake. Grisi ilitoka kwa mabonge. Tulikuta bawaba ya mlango, hereni ya Doreen, na kipande cha sandwichi ambacho hakikuoza hata kidogo, jambo ambalo Clifford alilitaja mara tatu kama ushahidi. Alhamisi adhuhuri tangi likafichuka. Doreen, aliyekuwa akipita na kapu la nguo, alisimama.

"Kumbe ni rangi ya damu ya mzee!" alisema.

"Mimi nilidhani ni kahawia," nilikiri.

"Hata mimi," akasema Clifford.

"Clifford Iveson! Ulinipakia kwenye hii tulipokwenda pwani kwa ukumbusho wa ndoa. Nilivaa skafu ya rangi hiihii."

Rangi iling'aa kana kwamba imetoka dukani juzi. Spoki zilikuwa nyeupe. Lakini nyuma, chini ya madigadi, mahali ambapo mikono huchoka kufika, kulikuwa na doa la kutu la ukubwa wa kiganja. Clifford aliligusa kwa kidole kimoja, akaenda kukaa ndani.

Ijumaa tulikuwa wanne gerejini kwa Alderson, kwa sababu Raymond hakutaka kukosa. Alderson alimulika, akagongagonga, akazungusha magurudumu. Halafu akainama nyuma, akaliona doa, akachomoa bisibisi.

"Samahani, mzee," alisema, na kuisukuma kwa nguvu zake zote.

Bisibisi haikupita. Alijaribu tena. Vigae vidogo vya kutu vilianguka sakafuni, na chini yake chuma kilikuwa kizima.

"Ni ya juujuu," alisema, akiandika. "Imepita. Kwa kweli, pikipiki ya umri huu sijaiona safi hivi. Wengi huzificha chini ya shuka, unyevu unakosa pa kutokea, kutu inazila zikiwa zimelala."

Raymond aliaga mapema. Alisema amekumbuka kitu gerejini kwake.

Ningependa kumaliza hapa, lakini Jumatatu ilifika. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, nikiwa dirishani na chai yangu, lori la chumvi lilipita. Clifford alitoka na kofia yake ya chuma, akasimama mbele ya pikipiki. Akakaa juu yake. Akashuka. Akakifuta kioo. Saa kumi na mbili kasorobo ikapita, naye bado amesimama, anaiangalia barabara nyeupe kama mtu aliyeambiwa amrushe paka wake mtoni.

Doreen akatoka, koti la mumewe juu ya gauni la kulalia.

"Unaenda kuwasha boila au unaenda kupigwa picha?"

"Itaharibika, Doreen. Iangalie ilivyo."

"Nimeiangalia. Siku tatu nimeiangalia." Alilifungua kopo, akachota grisi kwa mkono mzima, na kuipaka juu ya tangi lile la damu ya mzee, paa! "Haya. Imekwisha kuwa mbaya. Wewe shika nyuma, na usiliruke lile doa."

Walipaka pamoja, haraka, bila mswaki wala unyoya. Shuleni boila liliwaka kwa kuchelewa dakika ishirini, na hakuna mtoto aliyelalamika.

Jumapili iliyofuata niliketi nyuma yao kanisani. Zamani harufu ya kondoo ilitoka upande mmoja wa benchi. Sasa ilitoka pande zote mbili, na Doreen alikuwa amevaa skafu yake ya damu ya mzee.