Mdogo Wangu Aliruhusiwa Kuingia

Kwetu, binti wa kwanza ndiye anayelala na mama hospitalini. Anamwogesha, anamlisha, anamgeuza. Shule sikufika mbali, lakini haki hiyo niliijua kuwa yangu. Mdogo wangu alipata masomo. Mimi nilimpata mama.

Korona ilipokuja, mdogo wangu alikuwa anasomea uuguzi. Wenzake walikuja kujisomea kwenye barza yetu, mtaani Hewa Bora, maski zimeshuka kidevuni. Mwalimu wao aliishi mtaa huohuo. Akionekana tu kwenye kona, zote zilipanda puani.

"Maski iko ya mwalimu, haiko ya korona," mmoja alisema, wakacheka.

Chanjo ilipofika, wale waliokuwa wanajifunza kudunga watu waliogopa kudungwa.

"Banataka kutupima kama bapanya. Hautazaa tena!"

"Weye hata muchumba hauna, utazaa na nani?"

Mdogo wangu alicheka pamoja nao. Aliogopa kama wao.

Kisha mama akaanza kukohoa, akalazwa katika wodi ya korona. Nilifika na mkeka, kitenge chake na sufuria ya bukari, ugali wetu. Mlinzi alinizuia mlangoni.

"Jamaa hawaingie, mama."

"Mimi niko mutoto wake wa kwanza."

"Hata ukuwe wa kwanza. Wanafunzi ya staji tu, wale wenye walichanjwa."

Nilirudi nyumbani na mkeka wangu kichwani. Mdogo wangu alikuwa kwenye staji, mazoezi ya kazi, hospitalini humo; aliposikia, alikwenda kuchanjwa, peke yake katika darasa lake. Kwa hilo wenzake hawakukanyaga tena barza yetu. Mama alikuwa bado kwenye oksijeni walipomruhusu mdogo wangu kuingia.

Kila asubuhi nilimpa sufuria kwenye uzio. Nilimtazama akiifunga maski yake vizuri, akibana pua kwa vidole viwili, na wivu ulinikaba kuliko huzuni. Akitoka, nilimwuliza mama amekula nini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyempenda.

Mama alikufa. Kwenye matanga watu walimkumbatia mdogo wangu kwanza, kwa kuwa ndiye aliyemwona mama mwisho.

"Pole sana. Weye njo ulimuona."

Mimi nilikaa kwenye godoro pamoja na wamama, miguu nimeinyoosha. Wageni walipokwisha kwenda, nilimfuata mdogo wangu nyuma ya nyumba, alikokuwa akiosha masufuria.

"Alisema nini?"

Alisugua sufuria moja muda mrefu.

"Yaya, mukubwa wangu, hakunijua. Na maski ile, na nguo zile, aliona macho tu. Nilipomushika mukono, alisema, 'Mutoto wangu wa kwanza, ulifika.' Nikaitika."

"Siku moja tu?"

"Kila siku. Nilitaka kutoa maski, anione. Wengine walikuwa wanakohoa pale, na mimi narudi huku kwako. Sikutoa." Akaniangalia. "Nilikuchukia, yaya. Mimi njo nilikuwa pale, na anaita weye."

Niliushika mkono wake uliojaa povu, nikaukausha kwa kitenge changu. Nilidhani nitafurahi, kwa kuwa niliitwa. Nilifurahi, kweli, na nikaona haya. Lakini aliyemshika mama mkono ni yeye. Hata leo, akinipa kikombe cha chai, nautazama mkono ule kabla ya kupokea.